Sauti yangu imeimba wimbo nisioujua. Nianzie wapi?

Swali

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwimbaji na mtunzi. Nina nyimbo kama 30 kwenye majukwaa ya muziki, zote nimezitoa kupitia msambazaji wa mtandaoni. Wiki mbili zilizopita shabiki alinitumia wimbo akinipongeza kwa kazi mpya. Sauti ni yangu kabisa, hata ninavyovuta pumzi kabla ya kibwagizo, ila wimbo huo sijawahi kuuimba. Siku chache baadaye msambazaji wangu akaniletea masharti mapya, yana kifungu kinachoruhusu kazi zangu zitumike "kuboresha na kuendeleza teknolojia mpya". Prodyuza wangu anasema haya ndiyo maisha ya sasa, tuzoee. Je, kuna kitu ninachoweza kulinda? Na muziki bado utanilisha?

Jibu

Marahaba, dada, na pole. Kusikia sauti yako ikitamka maneno usiyoyatamka ni jambo linalotikisa mtu, na sitaki ulichukulie kama usumbufu mdogo wa mtandaoni.

Nianze na lile lenye haraka, ambalo wewe umelitaja la pili. Masharti hayo mapya usiyakubali leo. Yasome hadi mwisho utafute tarehe ya kuanza kutumika, kwa sababu masharti ya aina hii mara nyingi husema kwamba ukiendelea kutumia huduma baada ya tarehe fulani umehesabiwa kuwa umekubali. Kama ndivyo yalivyo yako, kunyamaza kwako ni saini. Mwandikie msambazaji kabla ya tarehe hiyo, umwambie kwa sentensi moja kwamba hukubali kazi zako zitumike kufundisha mifumo ya akili mnemba (AI), na umwombe akujibu kwa maandishi kama kuna mahali pa kuzima ruhusa hiyo kwenye akaunti yako. Ihifadhi barua hiyo. Nitaeleza baadaye kwa nini naliweka hili mbele ya wimbo ulioibiwa.

Sasa wimbo wenyewe. Watu husema "haki ya wimbo" kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo wasanii wengi hupotea njia tangu hatua ya kwanza. Ndani ya wimbo mmoja mna haki za aina nne. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, unaolindwa kimataifa tangu Mkataba wa Berne wa 1886. Kuna rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio, ambayo mwenyewe ni yule aliyeigharamia au aliyeandikwa kwenye mkataba kuwa mwenyewe. Kuna uimbaji wako siku ile mbele ya kipaza sauti, ambao Mkataba wa Roma wa 1961 na ule wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani wa 1996 viliupa ulinzi wake, na ndiyo haki ambayo sheria nyingi huiweka chini ya hakishiriki, yaani haki zinazopakana na hakimiliki ya mtunzi. Ya nne ni sauti yako kama sauti: rangi yake, mkwaruzo wake, namna unavyovuta pumzi. Mikataba hiyo yote niliyoitaja hailindi rangi ya sauti. Inalinda kilichotungwa, kilichorekodiwa na kilichoimbwa.

Kuna kesi ya zamani inayoonyesha mpaka huu kuliko maelezo yangu yoyote. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya magari ya Ford ilitaka mwimbaji Bette Midler aimbe kwenye tangazo, akakataa. Wakala wao wa matangazo akalipia leseni ya wimbo kihalali, kisha akamtafuta mwimbaji aliyewahi kumwitikia Midler jukwaani, akamwambia aimbe kama yeye. Utunzi ulikuwa umelipiwa. Rekodi ilikuwa mpya. Mwimbaji alikuwa mwingine. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema hata hivyo Midler ana haki ya kudai, kwa sababu sauti ya mwimbaji anayejulikana ikiigwa makusudi ili kuuza bidhaa, kilichochukuliwa ni nafsi yake. Mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama likampa dola 400,000. Mwimbaji Tom Waits alishinda kesi ya aina hiyo hiyo mwaka 1992. Siku hizo mwigaji alikuwa binadamu, na kumpata ilikuwa kazi. Leo mwigaji ni programu inayohitaji kurekodiwa sauti yako kwa muda mfupi tu.

Kwa hiyo usikilize wimbo huo wa uongo kwa sikio la mchunguzi, hata kama unakuumiza. Jiulize: je, melodi au mistari ya wimbo wangu wowote imo humu? Je, kuna kipande cha rekodi yangu, hata sekunde mbili za mlio, kicheko au mwito ninaoutumia kila wimbo? Au ni sauti tu, iliyopachikwa juu ya utunzi wa mtu mwingine na biti nyingine? Jibu la maswali hayo ndilo litakuonyesha mlango wa kubisha. Kama utunzi au rekodi yako imo, unajaza fomu ya uvunjaji wa hakimiliki, na hiyo ndiyo fomu ambayo majukwaa huishughulikia kwa haraka zaidi. Kama ni sauti tu, ukijaza fomu ya hakimiliki utakataliwa, na aliyekukataa atakuwa na hoja. Hapo unapita mlango wa kuigizwa. YouTube ilifungua mwaka 2024 njia ya mtu kuomba maudhui yanayoigiza sauti au sura yake yaondolewe, na Spotify ilitangaza Septemba 2025 kwamba sauti ya msanii iliyoigwa inaruhusiwa pale tu msanii mwenyewe ameridhia.

Utakumbuka wimbo ulioigiza sauti za Drake na The Weeknd ukasambaa Aprili 2023. Uliondolewa kwenye majukwaa ndani ya siku chache, na wengi wakaamini kwamba sauti zimelindwa. Iliripotiwa kwamba kilichoiwezesha kampuni yao, Universal, kuuondoa YouTube kwa kutumia hakimiliki ni kitu kidogo sana: mwito wa prodyuza uliokuwa mwanzoni mwa wimbo, kipande cha rekodi halisi kilichotumiwa bila ruhusa. Ndiyo maana nasema sikiliza kila sekunde.

Kabla hujalalamika popote, kusanya ushahidi, kwa sababu wimbo ukishaondolewa huwezi kurudi kuutazama. Pakua sauti yenyewe. Piga picha ya ukurasa ionyeshe jina la akaunti, tarehe ya kupandishwa, idadi ya usikilizaji na majina yaliyoandikwa kama watunzi. Nakili kiungo. Mwombe yule shabiki asifute ujumbe wake: pongezi zake kwa "kazi yako mpya" ni ushahidi kwamba msikilizaji wa kawaida amedanganyika, na katika nchi ambazo sheria haitaji sauti popote, udanganyifu huo kwa umma ndio nguzo ambayo mwanasheria wako ataegemea.

Kisha kuna jambo ambalo wasanii wengi hulisahau kwa hasira. Wakiona wimbo umeondolewa, wanapumua, mambo yanaishia hapo. Dai pia pesa. Wimbo uliosikilizwa umezalisha mirabaha, na kwa kawaida malipo huchelewa kwa mwezi mmoja au zaidi kabla ya kumfikia aliyepandisha. Ndani ya muda huo fedha ziko kwa jukwaa au kwa msambazaji wake. Andika wazi kwamba unaomba malipo ya wimbo huo yazuiwe hadi mgogoro uamuliwe. Na angalia ukurasa wako mwenyewe wa msanii: wadanganyifu wengine huupachika wimbo chini ya jina lako hasa, ili wafuasi wako wapelekewe taarifa.

Sheria za kulinda sauti zinaongezeka, ingawa kwa kasi isiyolingana. Jimbo la Tennessee nchini Marekani lilipitisha mwaka 2024 sheria inayotaja sauti waziwazi, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo, na inamgusa hata anayesambaza programu ambayo kazi yake kuu ni kutengeneza sauti ya mtu bila ridhaa. Mwezi huo huo Mahakama Kuu ya Bombay, India, ilimpa mwimbaji Arijit Singh amri ya kuzuia programu zilizokuwa zikiiga sauti yake. Serikali ya Denmark ilitangaza mwaka 2025 kwamba inataka kumpa kila mtu haki juu ya mwili, sura na sauti yake kupitia sheria ya hakimiliki. Mwanasheria wako akikuambia nchi yako haina sheria ya namna hiyo, muulize kuhusu haki za nafsi, faragha, alama za biashara na ulinzi wa mlaji. Mara nyingi dawa imo humo.

Kuna kitu kimoja ambacho sitakuficha: mtindo wako hautalindwa, na nadhani haupaswi kulindwa. Mtu akijifunza kuimba kwa kukusikiliza, akavuta pumzi kama wewe, hajakuibia. Muziki wote umejengwa hivyo. Ninachokipinga ni kuichukua sauti ya mtu anayeishi kwa kazi hiyo na kuiuza kwa jina lake, au kufundisha mashine kwa kazi za watu ambao hawakuulizwa wala kulipwa.

Na hapo narudi kwenye masharti ya msambazaji wako.

Mfumo wa kutengeneza muziki hufundishwa kwa kusikilizishwa rekodi nyingi mno, mamilioni, mpaka unajifunza ni sauti gani hufuata sauti gani. Ukishafundishwa, wimbo wako haukai ndani kama faili linaloweza kuchomolewa. Umeyeyuka kwenye mabilioni ya namba. Kumwambia mwenye mfumo "nitoe" baada ya hapo ni jambo gumu mno kitaalamu, na njia ya uhakika ni kuufundisha upya tangu mwanzo, gharama ambayo hakuna kampuni itakayoibeba kwa ajili ya nyimbo 30. Ndiyo sababu saini inatangulia mahakama. Wimbo bandia unaweza kuondolewa kesho kutwa, lakini ruhusa ya kufundishia ukishaitoa huipati tena.

Wenye majina makubwa wanapigana mahakamani. Juni 2024 kampuni kubwa za muziki Universal, Sony na Warner walizishtaki Suno na Udio, kampuni zenye mifumo ya kutengeneza muziki, wakidai hadi dola 150,000 kwa kila kazi iliyotumika. Suno ilikiri kwenye majibu yake kwamba ilifundisha mfumo wake kwa makumi ya mamilioni ya rekodi, ikijitetea kwamba kufanya hivyo ni matumizi halali chini ya sheria ya Marekani. Mwisho wa 2025 baadhi walipatana: Universal na Udio mwezi Oktoba, Warner na zote mbili mwezi Novemba, kwa makubaliano ya kuanzisha huduma zenye leseni ambazo msanii ataingia kwa hiari yake. Mwezi huo wa Novemba mahakama ya Munich iliamua, katika kesi ya chama cha watunzi cha Ujerumani, GEMA, dhidi ya OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, kwamba mfumo uliohifadhi maneno ya nyimbo 9 na kuyatoa ulipoombwa umevunja hakimiliki. Umoja wa Ulaya nao una utaratibu tangu agizo lake la 2019: kazi zilizowekwa wazi kihalali zinaweza kuchambuliwa na mashine mpaka mwenyewe atangaze kwamba amezuia, na tangu tarehe 2 Agosti 2025 watoaji wa mifumo mikubwa wanatakiwa kuheshimu katazo hilo na kuchapisha muhtasari wa walichotumia kufundishia. Japani ilifungua mlango zaidi kwa mashine kwenye sheria yake iliyoanza kutumika 2019. Dunia haijakubaliana, na msanii anayesubiri ikubaliane atasubiri sana.

Zingatia makubaliano yale ya mwisho wa 2025. Yanasema msanii ataingia kwa hiari. Lakini ni nani atakayeulizwa? Kwa upande wa rekodi, anayeulizwa kwanza ni mwenye rekodi. Kama rekodi zako ni za lebo, lebo ndiyo itakayoketi mezani, na swali la kama utalipwa litategemea mkataba uliosaini zamani, pengine kabla ya mambo haya kuwapo. Fedha za fidia au za mapatano mara nyingi huingia kwa mkupuo, bila kufungamana na wimbo wowote. Mkataba wako ukisema unalipwa asilimia ya mapato "yatokanayo na rekodi zako", mtu anaweza kukuambia kwamba mkupuo huo haukutokana na rekodi yako hasa. Kwa hiyo katika mkataba wowote ujao, dai sehemu ya fedha za leseni za akili mnemba, za fidia na za mapatano, hata zikilipwa kwa jumla.

Maneno "kuboresha na kuendeleza teknolojia" yananisumbua kwa sababu hayana mwisho. Yanaweza kumaanisha kusafisha takwimu za usikilizaji, na yanaweza kumaanisha kuuza rekodi zako 30 kwa kampuni usiyoijua. Kifungu ninachowashauri wasanii waombe kiingizwe ni hiki, na unaweza kukichukua kama kilivyo ukampe mwanasheria akipime na sheria ya nchi yako:

"Mkataba huu hautoi ruhusa ya kutumia utunzi, rekodi, uimbaji, sauti, jina wala sura ya Msanii kufundisha, kurekebisha au kupima mfumo wowote wa akili mnemba, wala kutengeneza sauti inayoigiza sauti yake. Ruhusa ya aina hiyo itatolewa kwa maandishi yaliyosainiwa na Msanii mwenyewe, kwa kila matumizi peke yake, yakitaja muda, malipo na namna ya kuisitisha."

Msambazaji akikataa, una hiari ya kuhama, na kuhama na nyimbo 30 kunawezekana. Hakikisha tu unahama na namba zilezile za utambulisho za rekodi, zile ISRC zenye tarakimu na herufi 12, la sivyo historia yako ya usikilizaji inaweza kupotea njiani.

Kuwa makini vilevile na kazi ndogo ndogo. Mtu akikuita kuitikia kibwagizo, au kurekodi "sampuli za sauti" kwa malipo ya siku moja, uliza zinaenda wapi. Sauti yako ikiwa tupu, bila ala, ndiyo malighafi bora ya kuiga. Ni kweli programu za leo zinaweza kuitenga sauti kutoka kwenye wimbo uliokamilika, kwa hiyo kuzificha faili hizo hakukulindi kikamilifu. Lakini kama hukuwahi kumpa mtu faili ya sauti tupu bila masharti, hakuna atakayesimama na kudai kwamba uliridhia.

Unaweza pia kuamua siku moja kuikodisha sauti yako, na sioni aibu yoyote ndani yake. Mwimbaji Grimes alitangaza mwaka 2023 kwamba yeyote atakayetumia sauti yake iliyotengenezwa na mashine agawane naye mirabaha nusu kwa nusu. Ukifika huko, usiongee asilimia kabla ya kuongea mipaka. Nani atasikiliza na kuidhinisha kabla ya kutoka? Je, sauti yako inaweza kuimbia kampeni ya siasa, bidhaa usiyoitumia, matusi? Mkataba ukiisha, nani atathibitisha kwamba faili ya sauti imefutwa? Na ukifariki, inakwenda kwa nani? Swali hilo la mwisho watu hulikwepa, na warithi ndio wanaokuja kuliuliza kwa machozi.

Umeuliza kama muziki utakulisha. Nitakujibu kwa hesabu, kwa sababu hofu ya jumla haimsaidii mtu kupanga.

Majukwaa mengi ya muziki hulipa kwa kugawana fungu moja. Tuseme fungu la mwezi ni 1,000,000 ya fedha yoyote, na nyimbo zote kwa pamoja zimesikilizwa mara 100,000,000. Wimbo wako uliosikilizwa mara 100,000 unapata 1,000. Sasa mtu anapandisha maelfu ya nyimbo za mashine na kuziagiza boti, yaani programu zinazojifanya wasikilizaji, zizisikilize mara 25,000,000. Fungu halijaongezeka, lakini wagawanaji wamefikia usikilizaji 125,000,000, na wimbo wako umeshuka hadi 800. Hakuna shabiki wako hata mmoja aliyekuacha, ilhali moja ya tano ya pesa yako imeondoka. Septemba 2024 waendesha mashtaka wa New York walimshtaki Michael Smith kwa mpango wa namna hiyo hasa: nyimbo laki kadhaa zilizotengenezwa na mashine, usikilizaji wa boti unaohesabiwa kwa mabilioni, na mirabaha inayozidi dola milioni 10.

Deezer, jukwaa la Ufaransa, lilitangaza Novemba 2025 kwamba linapokea kila siku nyimbo zipatazo 50,000 zilizotengenezwa na mashine tupu, takriban asilimia 34 ya zote zinazopandishwa. Namba hiyo inatisha. Lakini Deezer ilisema pia kwamba nyimbo hizo zinapata karibu nusu ya asilimia moja tu ya usikilizaji wote, na kwamba hadi asilimia 70 ya usikilizaji huo ni wa udanganyifu. Nikizisoma namba hizi pamoja, naona wasikilizaji hawajakukimbia. Wizi unapita kwenye fungu la pamoja, na dawa yake ni majukwaa kubaini boti, kuzitia alama nyimbo za mashine na kuuondoa usikilizaji wa udanganyifu kwenye mgao. Hilo tunalidai kwa pamoja, kupitia vyama.

Mahali ninapoona hasara ya kweli ni kwenye muziki ambao mnunuzi hajali nani ameutengeneza: sauti za nyuma za video, matangazo madogo, muziki wa kusubirishia simu. Kazi hizo zimewalisha watunzi wengi wasiojulikana, na zinaondoka haraka. Utafiti uliotolewa Desemba 2024 na CISAC, shirikisho la kimataifa la vyama vya watunzi, ulikadiria kwamba kufikia 2028 asilimia 24 ya mapato ya watunzi wa muziki yatakuwa hatarini, na hasara ya jumla ndani ya miaka 5 itafika euro bilioni 10. Kama sehemu kubwa ya kipato chako inatoka kwenye kazi za aina hiyo, anza kuhama sasa, ukielekea kule ambako jina lako na uwepo wako ndivyo vinavyonunuliwa.

Na kuna pesa ambayo mashine haijaigusa, ila huijui. Kila ninapokaa na msanii kupitia taarifa zake, karibu kila mara nakuta mirabaha iliyokwama: jina la mtunzi limeandikwa kwa tahajia tatu tofauti, wimbo umesajiliwa kama rekodi lakini utunzi haujasajiliwa popote, mwimbaji hajajiunga na chama kinachokusanya malipo ya utangazaji kwa ajili ya waimbaji. Jiunge na chama cha watunzi na kile cha hakishiriki, kama nchini kwako ni viwili. Sajili nyimbo zote 30. Vyama ndivyo vitakavyotoa pia leseni za mashine kwa niaba ya wengi. STIM, chama cha watunzi cha Sweden, ilianza Septemba 2025 kutoa leseni ya kufundishia mifumo ya akili mnemba, na SACEM, mwenzake wa Ufaransa, ilitangaza katazo kwa niaba ya wanachama wake tangu Oktoba 2023. Msanii mmoja akiandika katazo kwenye ukurasa wake ni vizuri, naye afanye. Chama kikiandika kwa niaba ya maelfu, kampuni hutuma mwanasheria kujibu.

Mtu akikuahidi kukuongezea usikilizaji kwa malipo, mkimbie. Karibu kila mara ni boti, na jukwaa likizigundua linaweza kuondoa wimbo wako halali pamoja na jina lako.

Mwisho nizungumzie prodyuza wako, kwa sababu nahisi ni mtu mwema aliyechoka. Naye ana haki katika nyimbo hizo, na naye anaibiwa. Siku hizi biti nyingi zina mkono wa mashine, na hilo lina matokeo kisheria. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilieleza Januari 2025 kwamba kumpa mashine maelekezo tu hakumfanyi mtu kuwa mtunzi, na mahakama ya rufaa huko Washington ikathibitisha Machi 2025 kwamba kazi lazima iwe na mwandishi binadamu. Kwa hiyo kila wimbo mnaodai ni wenu, lazima muweze kuonyesha mkono wenu ndani yake: rekodi za simu za melodi ya kwanza, daftari la maneno lenye mistari iliyokatwa, faili za studio zenye kila ala peke yake na tarehe zake. Kaeni muandike karatasi ya mgawanyo kwa kila wimbo kati ya hizo 30, nani katunga nini, asilimia ngapi, na kama kuna sehemu iliyotoka kwenye mashine iandikwe ni ipi. Wimbo usio na karatasi hiyo unaweza kukwama chamani kwa miaka hata bila mgogoro wowote.

Faili hizo za studio nadhani ziko kwenye kompyuta yake, pengine kwenye diski moja isiyo na nakala. Mtakapokutana tena studio, kabla hamjawasha kipaza sauti, zinakilini mahali pawili.